Mchoraji Aliyepaa Juu ya Bahari

Katika mji wa London liko jumba la makumbusho liitwalo Imperial War Museum. Lilianzishwa mwaka wa 1917, wakati Vita Kuu vya Kwanza vilipokuwa bado vinapiganwa, ili watu wa baadaye wapate kujua yaliyotendeka. Humo zimehifadhiwa silaha, barua, na picha nyingi zilizochorwa na wastadi waliotumwa kwa kazi hiyo. Miongoni mwa picha hizo imo moja isiyoonyesha maiti wala nyumba zilizobomoka. Ni picha ya bahari, na juu ya bahari zinaonekana merikebu zikisafiri pamoja.

Jambo la ajabu katika picha hiyo ni mahali alipokaa mchoraji. Hakusimama pwani, wala hakuwa katika mojawapo ya merikebu zile. Aliitazama bahari kutoka juu, kama atazamavyo mwewe. Jina la picha lenyewe laeleza habari hiyo: ni msafara wa merikebu katika Bahari ya Kaskazini, mwaka wa 1918, kama ulivyoonekana kutoka NS7. Na NS7 ilikuwa merikebu ya hewani, yaani chombo kikubwa kilichojazwa gesi nyepesi na kusukumwa na injini.

Mchoraji huyo ni John Lavery. Alizaliwa katika mji wa Belfast mwaka wa 1856. Baba yake alikufa maji merikebu yake ilipovunjika mwaka wa 1859, na mama yake naye akafariki baadaye kidogo. Basi mtoto huyo alilelewa na jamaa zake. Alijifunza kuchora katika mji wa Glasgow, akaendelea hata akawa mchoraji wa wakubwa na matajiri. Malkia Victoria alipozuru maonyesho makubwa ya Glasgow mwaka wa 1888, Lavery ndiye aliyepewa kazi ya kuichora ziara hiyo. Mke wake, Hazel, alikuwa mzaliwa wa Chicago, na sura yake ilitiwa katika noti za fedha za Ireland tangu mwaka wa 1928.

Mwaka wa 1917 Serikali ya Uingereza ilimteua Lavery kuwa mmoja wa wachoraji wa vita. Wachoraji wengine walivuka bahari kwenda Ufaransa, mahali askari walipokuwa wakiishi katika mahandaki ya matope. Lavery hakuweza kwenda, kwa maana hakuwa na afya njema, tena alikuwa ameumia katika ajali ya motokaa. Kwa hiyo alitumwa kuchora mambo ya nchini: bandari, viwanda, hospitali, viwanja vya ndege, na merikebu za hewani.

CHOMBO KILICHOTENGENEZWA KWA UTUMBO WA NG'OMBE

Ili msomaji afahamu picha hii, yafaa kwanza afahamu chombo kilichomchukua mchoraji.

Merikebu ya hewani ya kwanza ya jeshi la Waingereza ilipaa mwezi wa Septemba mwaka wa 1907 katika mahali paitwapo Farnborough. Mfuko wake ulikuwa na urefu wa futi 122. Haukutengenezwa kwa nguo wala kwa mpira, bali kwa utando mwembamba wa utumbo wa ng'ombe, ulioondolewa mafuta na kubandikwa tabaka juu ya tabaka. Huenda mfugaji akacheka asikiapo jambo hili; lakini utando huo ni mwepesi, tena gesi haipenyi humo kwa urahisi. Ndani ya mfuko ilitiwa gesi ya haidrojeni, ambayo uzito wake ni kama sehemu moja katika kumi na nne za uzito wa hewa. Kama vile ukuni unavyoelea majini kwa kuwa ni mwepesi kuliko maji, ndivyo mfuko huo ulivyoelea hewani.

Tarehe 5 Oktoba mwaka ule chombo hicho kilisafiri kutoka Farnborough mpaka London. Ndani yake walikuwamo Kanali Capper na Samuel Cody, Mmarekani aliyehamia Uingereza. Wenyeji wa London walitoka barabarani kukitazama kikilizunguka kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo. Lakini kilipogeuka ili kurudi, upepo ulikuwa mkali kuliko nguvu za injini, nacho kikalazimika kutua katika uwanja wa Crystal Palace. Siku chache baadaye ikaja tufani, na ili kisichukuliwe na upepo hapana budi gesi yote ikatolewa, mfuko ukakunjwa, ukarudishwa nyumbani kwa gari. Kilikwenda London kama mfalme, kikarudi kama mzigo.

Basi huo ndio ulikuwa udhaifu wa vyombo hivi. Ni vyepesi, kwa hiyo upepo huvitawala. Tena haidrojeni hushika moto upesi sana. Cheche moja yatosha kuwaangamiza wote waliomo. Hata hivyo, miaka minane baada ya safari ile Uingereza ilivihitaji vyombo hivi kwa haraka.

NJAA ILIYOTOKA CHINI YA MAJI

Uingereza ni kisiwa, na watu wake walikuwa wengi kuliko chakula kilichopatikana katika mashamba yake. Ngano na nyama zililetwa kwa merikebu kutoka ng'ambo. Wajeremani waliona kwamba wakizizamisha merikebu hizo, Waingereza watashindwa kwa njaa pasipo kupigwa risasi hata moja katika nchi yao. Silaha yao ilikuwa nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji.

Mwezi wa Februari 1915 mkuu wa manowari za Uingereza, Lord Fisher, aliamuru vitengenezwe vyombo vidogo vya hewani vya kuzitafuta nyambizi. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kungoja, mafundi walichukua mfuko wa gesi, wakaning'iniza chini yake kiwiliwili cha ndege ya kawaida iliyoondolewa mabawa, na kazi ikawa tayari kwa muda wa majuma matatu. Vyombo vya namna hiyo vilitengenezwa zaidi ya 150 kabla ya vita kwisha. Watu wawili au watatu walikaa humo katika baridi, wakichunguza maji saa baada ya saa.

Mwezi wa Aprili 1917 hatari ilifika kileleni. Katika mwezi huo mmoja zilizamishwa merikebu za Uingereza, za rafiki zake, na za nchi zisizopigana, ambazo jumla yake ilipita tani 800,000. Akiba ya ngano ya Uingereza ikabaki ya majuma machache tu. Ndipo ilipoamuliwa kwamba merikebu zisisafiri tena moja moja, bali ziende kwa msafara, zikizungukwa na manowari. Shauri hilo lilizaa matunda mema: katika kila merikebu mia zilizosafiri hivyo, haikupotea hata moja kamili.

Ndege na merikebu za hewani zilikuwa sehemu ya ulinzi huo. Si kwamba merikebu ya hewani iliweza kuiua nyambizi kwa urahisi. Faida yake ilikuwa katika kuonekana tu. Nahodha wa nyambizi aliyeona mfuko ule mrefu mbinguni alijua kwamba yeye naye aweza kuonwa, basi akazama chini. Nayo nyambizi ikiwa chini ya maji huenda polepole, na nguvu za betri zake huisha upesi. Haiwezi kuufuata msafara. Chombo cha hewani, kwa upande wake, chaweza kupunguza mwendo na kukaa juu ya msafara mchana kutwa.

NS7 ilikuwa ya jamii iliyokuwa kubwa na bora kuliko vile vidogo. Urefu wa mfuko wake ulikuwa kama futi 262, na kitambaa chake kilikuwa cha pamba kilichotiwa mpira. Chini yake kilining'inia chumba cha wanamaji, na nyuma yake mahali pa injini mbili. Watu kumi walifanya kazi humo kwa zamu. Mojawapo ya vyombo vya jamii hii, NS11, ilikaa hewani zaidi ya saa 100 pasipo kutua, mwezi wa Februari 1919. Mwezi wa Julai mwaka ule ule chombo hicho hicho kiliwaka moto juu ya bahari, na watu wote waliokuwamo wakafa.

MZEE MBINGUNI

Katika chombo cha jamii hiyo ndimo alimopanda Lavery mwaka wa 1918, akiwa na umri wa miaka 62. Kituo chao kilikuwa East Fortune, katika nchi ya Scotland, karibu na pwani. Ni kituo kile kile ambako, mwezi wa Julai 1919, ilitoka merikebu ya hewani R34 kwenda mpaka Marekani na kurudi. Mzee mwingine wa umri huo, tena aliyezoea kuchora mabibi waliovaa hariri, angaliomba aonyeshwe chombo kikiwa kimefungwa chini. Lavery alipaa pamoja na wanamaji, akaona kwa macho yake mwenyewe.

Katika zamani zile ni watu wachache sana waliopata kuitazama dunia kutoka juu. Aliye juu huona kwamba mambo yamebadilika umbo. Wimbi linalomtisha baharia laonekana kama mkunjo mdogo katika nguo. Merikebu yenye shehena ya maelfu ya tani yaonekana kama kijiti. Kelele za mitambo ya merikebu hazifiki, wala harufu ya makaa, wala sauti ya mtu. Vinavyobaki ni umbo, nuru na rangi. Kwa mchoraji, hii ilikuwa karamu kubwa.

Lakini katika chumba kile kile walikuwamo watu wengine wenye kazi nyingine. Mlinzi wa zamu naye aliyatazama maji yale yale, ila hakutafuta uzuri. Alitafuta mstari mweupe wa povu pasipostahili kuwapo, au kivuli kirefu chini ya maji, au doa la mafuta. Mtu wa shamba atafahamu jambo hili upesi. Wakati mtama unapoiva, mtoto hukaa juu ya dungu ili kuwafukuza ndege. Mgeni akipanda dunguni atasifu jinsi shamba lilivyo zuri, likitikiswa na upepo. Mtoto mwenye zamu haoni uzuri huo. Yeye aona mahali ambapo suke limeinama kinyume cha upepo. Dungu ni moja, shamba ni moja, macho ni mbalimbali.

Na chini kabisa, ndani ya merikebu zile ndogo za katika picha, walikuwamo watu ambao hawakuona rangi ya bahari wala kivuli cha adui. Walikuwa wakitia makaa motoni katika tumbo la merikebu, mahali pasipo na dirisha. Kombora likipasua ubavu wa merikebu, wao ndio wa kwanza kufikiwa na maji. Katika picha ya Lavery uso wa mmoja wao hauwezi kuonekana. Umbali ni mkubwa mno.

UNGAMO LA MCHORAJI

Lavery alifanywa Sir mwaka wa 1918. Vita vilipokwisha, alichora jinsi Admirali Beatty alivyowasomea wajumbe wa Wajeremani masharti ya kusalimisha manowari zao. Picha zake nyingi za vita alilipa jumba la makumbusho. Angaliweza kunyamaza, akafurahia sifa zake hata kufa.

Lakini mwaka wa 1940, katika kitabu alichokiandika juu ya maisha yake, alisema neno ambalo wengi wangalilificha. Alikiri kwamba alipokuwa angani hakuuhisi ukali wa vita. Aliwasahau wanadamu wenzake waliokuwa wakipasuliwa katika nyambizi na wale waliokuwa wakifa polepole katika matope. Alichokiona kutoka juu, alisema, kilikuwa uzuri mpya wa rangi na wa mapambo tu.

Maneno hayo ni mazito yakitoka kwa mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, tena mwenye jina kubwa. Wachoraji waliokwenda Ufaransa walikuwa wameona mambo mengine. C. R. W. Nevinson alichora maiti mbili za askari wa Kiingereza zilizolala kifudifudi mbele ya waya wa miiba. Wakubwa walikataza picha hiyo isionyeshwe mwaka wa 1918. Naye akaitundika hivyo hivyo, akiwa ameifunika kwa karatasi iliyoandikwa kwamba imekatazwa. Nevinson alisimama karibu, Lavery alisimama mbali. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, ni kusema kwamba picha ya Lavery ni ya uongo? Sivyo. Bahari ilikuwa hivyo, na merikebu zilikwenda hivyo. Kila alichokichora alikiona. Picha ile haidanganyi, inanyamaza. Na aliyekuja kuueleza ukimya wake ni mchoraji mwenyewe, katika mwaka ule ule ambao ndege za Wajeremani zilianza kuangusha mabomu juu ya London usiku baada ya usiku. Lavery alifariki katika nchi ya Ireland mwezi wa Januari 1941.

CHOMBO KILICHOELEKEA AFRIKA MASHARIKI

Jambo hili laonekana kuwa la mbali, lakini vita vile vile vilifika Afrika Mashariki, na merikebu ya hewani nusura ifike pia. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha Wajeremani kilichoitwa L59, chenye urefu wa zaidi ya futi 700, kiliondoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria. Kilichukua shehena ya tani zipatazo kumi na tano, zikiwamo risasi na dawa, kumpelekea Jemadari von Lettow-Vorbeck aliyekuwa akipigana katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hakikukusudiwa kurudi, maana hapakuwa na gesi huku ya kukijaza tena; kitambaa cha mfuko wake kilikuwa kishonwe mahema na nguo. Kilivuka bahari na jangwa la Misri hata kikafika Sudan, karibu na Khartoum. Hapo kilipokea habari kwa simu ya upepo kwamba kirudi. Kilifika Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya kukaa hewani muda wa saa 95.

Kama chombo kile kingalifika, na kama ndani yake angalikuwamo mchoraji hodari, picha yake ingaliweza kuwa nzuri mno: milima ya kijani, mito inayong'aa, na katikati ya majani mstari mwembamba ukienda polepole. Mstari huo ungalikuwa watu. Ungalikuwa wachukuzi waliobeba chakula na risasi za majeshi vichwani mwao, Waingereza na Wajeremani wote wakiwatumia, maana mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo na njia za magari zilikuwa chache. Makumi ya maelfu ya wachukuzi hao walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, homa na njaa. Jina la kikosi chao limebaki Kariokor katika mji wa Nairobi, na Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam. Kila siku watu hununua nyanya na nguo huko, na wengi wao hawajui kwamba wanalitaja jina la mizigo ile.

Kutoka juu, mchukuzi na mzigo wake ni nukta moja. Malengelenge ya miguu yake hayana rangi.

Yeyote asimamaye siku moja mbele ya picha ya Lavery na aufurahie uzuri wake bila kuona haya, kwa maana ni kazi ya fundi. Kisha asogee karibu, achague merikebu moja iliyo ndogo kuliko zote, amfikirie mtu mmoja aliye ndani yake, mwenye koleo mkononi, asiyejua kama jioni ataila chakula chake. Hesabu za vita husomwa ofisini, na ramani hutazamwa kutoka juu. Ndivyo ilivyo desturi ya kazi. Lakini Lavery, aliyekuwa amepanda juu kuliko wengi, alikaa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kusema kwamba kutoka juu hakumwona mtu. Wengine hupanda dunguni na kushuka, wasiseme hata hilo.